Karani wa Boulder na leseni sita: kisa cha Clela Rorex

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu, kila nikimsimulia mtu naishia katikati, mara basi limefika, mara simu imeita, na naona simtendei haki huyu mama. Leo nakiandika chote. Anaitwa Clela Rorex, alikuwa karani wa kaunti ya Boulder, jimbo la Colorado, Marekani, mwaka 1975, na alifariki tarehe 19 Juni 2022 akiwa na miaka 78. Alichofanya, kutoa leseni za ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja, kilichukua kama mwezi mmoja tu wa maisha yake, ila mpaka leo watu wanamkumbuka kwa huo mwezi, na mimi nadhani wengi wanaomsifia wanakosea kidogo kwenye sababu ya kumsifia, ndo maana nataka tukichambue taratibu.

Kwanza ofisi yenyewe, maana ukisikia karani unawaza mtu wa mafaili. Karani wa kaunti kule Colorado anachaguliwa kwa kura, anasimamia uchaguzi, anasajili magari, anatunza hati za nyumba na viwanja, na ndiye anayetoa leseni za ndoa. Wenzangu wa Tanzania fikirieni ndoa ya bomani, mnaenda kwa mkuu wa wilaya, tangazo linabandikwa siku 21, alafu mnasaini. Kule mnaanza kwa karani, mnajaza fomu, mnalipa ada, mnapewa karatasi. Bila hiyo karatasi kwa kawaida serikali haiwajui kama mume na mke hata kama pilau limeshaliwa na keki imekatwa. Kwaiyo yule anayekaa pale kaunta ana nguvu kubwa kuliko inavyoonekana, akisema hapana, kwa siku ile ni hapana.

Clela alikulia Steamboat Springs, mji wa milimani huko huko Colorado, na baba yake alikuwa karani wa kaunti yao kwa miaka 30 hivi. Yani hii kazi ilikuwa ya nyumbani, aliiona tangu mtoto. Yeye alikuwa mama anayelea mtoto peke yake, mwanaharakati wa haki za wanawake, akagombea mwaka 1974 na kushinda, akaingia ofisini Januari 1975 akiwa na miaka 31.

Sasa Boulder. Watu wanaambiwa Boulder ni mji wa chuo kikuu, mji wa watu wenye mawazo huru, ambapo kila kitu kinaruhusiwa. Leo labda. Mwaka mmoja tu kabla ya kisa hiki baraza la mji lilipitisha kanuni ya kuzuia watu kunyimwa kazi kwa sababu ya kupenda wa jinsia yao, wananchi wakapiga kura Mei 1974 wakaifuta. Hawakuishia hapo. Wakaanzisha kura ya kuwaondoa madarakani waliopigania hiyo kanuni, diwani Tim Fuller akang'olewa, na Penfield Tate, meya wa kwanza mweusi wa mji ule, akaponea chupuchupu. Leo jengo la manispaa linaitwa kwa jina la Tate, ila ile 1974 alikuwa anahesabiwa kura za kumfukuza. Nalitaja hili kwa sababu Clela alipokaa kwenye kiti chake miezi michache baadaye, wino wa hizo kura ulikuwa haujakauka. Alijua kabisa kinachompata mtu anayegusa hili jambo. Asikudanganye mtu kwamba ilikuwa rahisi kwa kuwa ni Boulder.

Tarehe 26 Machi 1975 wanaume wawili wakaingia ofisini kwake, wote wanaitwa Dave, wanataka leseni ya ndoa. Walikuwa wametoka Colorado Springs, kama kilomita 150 na ushee kusini. Kule kwao walishaenda kwa karani, wakaambiwa sisi hapa hatufanyi hayo mambo, nendeni Boulder, huko labda watawafanyia. Hebu fikiria, ni maneno ya kumfukuza mtu, ila wao wakayachukua kama maelekezo ya njia, wakaja kweli.

Clela hakuwa na jibu. Hapa ndo kisa kinapoanza kwangu. Yeye mwenyewe alikiri miaka ya baadaye kwamba hakuwa anajua chochote kuhusu maisha ya wapenzi wa jinsia moja, hakuwa amewahi kulifikiria suala la ndoa yao, haikuwa ajenda yake kwenye kampeni wala moyoni. Alichowaambia ni kwamba hajui kama anaruhusiwa, ngoja aulize. Akaenda kwa mwanasheria wa kaunti, msaidizi wa mwendesha mashtaka aliyeitwa William Wise, akamuuliza swali la kisheria, je, sheria ya Colorado inakataza? Wise akapitia, akarudi na jibu kwamba sheria ya ndoa ya jimbo haijasema lazima wawe mwanaume na mwanamke, hakuna kipengele kinachokataza, uamuzi ni wako.

Uamuzi ni wako. Mtu yeyote aliyewahi kukaa upande wa pili wa kaunta ya serikali anajua hayo maneno kwa kawaida yanazaa nini. Yanazaa "njoo kesho", yanazaa "faili lako halionekani", yanazaa "mkubwa hayupo". Ofisa akiona jambo ni gumu na sheria haijasema kitu, anaongeza katazo lake mwenyewe alafu analiita utaratibu. Nimeshasimama kwenye foleni za namna hiyo, tena zaidi ya nchi moja, nimeambiwa haiwezekani na mtu ambaye hakuweza kunionyesha imeandikwa wapi kwamba haiwezekani, nikarudi nyumbani na bahasha yangu kwapani. Ndo maana huyu mama ananigusa. Aliuliza, akajibiwa hakuna katazo, na akakataa kulitunga. Akatoa leseni. Na alipoulizwa kwanini, maelezo yake yalikuwa mafupi, kwamba yeye anapigania wanawake wapate haki sawa, sasa atakuwa nani wa kuwanyima wengine haki ambayo sheria haijawanyima.

Hakuwa wa kwanza kabisa, hili liwekwe sawa. Minnesota mwaka 1971 Jack Baker na Michael McConnell walipata leseni kaunti ya Blue Earth, ila pale karani hakujua kwamba anawaandikia wanaume wawili, kwa sababu jina moja lilishabadilishwa likawa halitambulishi jinsia. Arizona nako Januari 1975 leseni moja ilitoka na wabunge wa jimbo wakakimbilia kutunga sheria ya kuziba. Tofauti ya Boulder ni kwamba mlango ulibaki wazi. Baada ya wale akina Dave wakaja wengine, na wengine, mpaka leseni zikafika sita.

Habari zikasambaa na balaa likaanza. Barua zikaja kwa mafungu, nyingine zimeandikwa na waumini wa kanisa zima kwa pamoja, Sodoma na Gomora kila ukurasa. Simu za matusi. Mtoto wake alikuwa mdogo bado, wa shule ya msingi, na maneno yalimfikia. Kuna vitisho vya kumpigia kura ya kumtoa kama walivyofanyiwa wale wa mwaka jana yake. Na watu aliodhani wangemsimamia, wanaharakati wenzake wa wanawake na watu wa chama chake, wengi walimwona kama amewaharibia, kwamba sasa hivi sio wakati wake. Hilo nadhani lilimuuma zaidi ya barua. Barua ya mtu usiyemjua unaweza kuichoma moto, ila rafiki akikaa kimya hakuna cha kuchoma.

Alafu kuna siku ya farasi, tarehe 15 Aprili. Mzee mmoja mfuga ng'ombe, Roswell Howard, akafika mahakamani na farasi wake jike anayeitwa Dolly, waandishi wa habari na kamera nyuma yake, akaomba leseni ya kumuoa farasi. Hoja yake ilikuwa kama mvulana anaweza kuoa mvulana basi na yeye mpweke aruhusiwe kumuoa farasi wake. Nia ilikuwa kumfedhehesha Clela mbele ya nchi nzima, na kuwaambia wale wengine kwamba mapenzi yenu yako daraja moja na mnyama. Clela akachukua fomu, akaanza kujaza kama anavyomjazia mtu yeyote, akauliza umri wa Dolly. Mzee akasema miaka minane. Akaweka kalamu chini, akamwambia pole, hajafikisha umri, bila ruhusa ya wazazi siwezi kutoa leseni.

Watu husimulia hiki kipande kwa kicheko, na ni sawa, lakini angalia alichofanya pale. Hakugombana, hakutoa hotuba. Alirudi kwenye fomu. Kigezo kilekile alichotumia kwa akina Dave, sheria inasema nini, ndicho alichotumia kwa Dolly, na sheria kwa Dolly ilikuwa na jibu. Mtu anayefuata hisia zake tu asingeweza kujibu vile huku kamera zinamwangalia usoni.

Mwisho wa Aprili mwanasheria mkuu wa jimbo, J.D. MacFarlane, akatoa maoni yake ya kisheria kwamba leseni hizi hazifai na zisitolewe tena. Clela akaacha kuzitoa. Hapa kuna watu wanamlaumu, kwanini hakuendelea, kwanini hakukaidi mpaka apelekwe mahakamani. Mimi nasimama na yeye. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba anafuata sheria kama inavyosomwa na wanasheria wa serikali, sasa mwanasheria wa juu kasoma tofauti, angeendelea ingekuwa tayari ni kitu kingine, ingekuwa ofisa anayejifanyia anavyotaka. Mwaka 2015 Kentucky, karani Kim Davis wa kaunti ya Rowan alikataa kutoa leseni za ndoa wakati mahakama kuu ya nchi ilishaamua zitolewe, akawekwa ndani siku tano, na wapo wanaosema Davis na Clela ni kitu kimoja, kila mmoja alifuata dhamira yake. Hapana. Clela aliuliza sheria kabla ya kutenda na akatii ilipobadilishiwa tafsiri. Davis aliambiwa sheria na akaikataa. Na tofauti nyingine ya wazi kabisa, mmoja alitumia kaunta kuwapa watu kitu, mwingine aliitumia kuwanyima. Ukiwa umesimama upande wa foleni unaijua hiyo tofauti vizuri sana.

Ila angalia kitu ambacho watu wanakiruka, na ndicho kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote. MacFarlane alizuia leseni mpya. Zile sita zilizokwishatoka hakuna mahakama ya Colorado iliyozifuta. Zikabaki kwenye vitabu vya kaunti, zimesajiliwa, zina namba, zimekaa kimya.

Clela akajiuzulu 1977 kabla muhula haujaisha. Alichoka. Hakurudi tena kwenye siasa za kuchaguliwa, baadaye akafanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya Native American Rights Fund, wanasheria wanaotetea haki za wenyeji asilia wa Marekani, makao yao yako hapohapo Boulder, akiwa upande wa utawala wa ofisi, kazi ya kimyakimya. Miaka mingi watu wengi wa Colorado hawakujua kwamba yule mama wa ofisini ndiye yule wa 1975. Huku nyuma jimbo lenyewe lilikuwa linarudi kinyumenyume, 1992 wapiga kura wakapitisha marekebisho ya katiba ya kuzuia sheria zozote za kuwalinda wapenzi wa jinsia moja, mahakama kuu ya nchi ikayatupa 1996, na 2006 wakaandika kwenye katiba ya jimbo kwamba ndoa ni mwanaume mmoja na mwanamke mmoja. Yani lile pengo ambalo Wise alilisoma 1975 wakaenda kuliziba kwa saruji.

Alianza kuonekana tena jimbo lilipojadili sheria ya muungano wa kiraia, yani kuwatambua wenza kisheria bila kuiita ndoa, iliyopita mwaka 2013. Alienda kutoa ushuhuda, bibi mwenye nywele nyeupe sasa, anaongea kwa sauti ya chini. Alafu Juni 2014 karani wa Boulder wa wakati huo, Hillary Hall, akaanza kutoa leseni kwa wapenzi wa jinsia moja baada ya mahakama ya rufaa kuamua kesi ya jimbo jirani la Utah kwa kuziruhusu ndoa hizi. Mwanasheria mkuu wa jimbo akamshtaki, akina Hall wakaendelea mpaka zikapita 200 kabla mahakama kuu ya Colorado haijamwambia asimame mwezi Julai. Kiti kilekile, kaunti ileile, miaka 39 katikati. Oktoba 2014 ikawa halali jimbo zima, Juni 2015 nchi nzima. Na ile sentensi ya 2006 ikaondolewa kwenye katiba ya jimbo kwa kura ya wananchi Novemba 2024, Clela alikuwa ameshafariki miaka miwili.

Kuhusu kumuenzi. Jengo la mahakama ya zamani ya kaunti, lile la mtindo wa miaka ya 30 lililopo Pearl Street, limetambuliwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria kwa ajili ya zile leseni. Nimewahi kukaa kwenye bustani ya mbele yake mchana wa jua, barabara yote pale ni ya waenda kwa miguu, watoto wanarukia mawe, kuna jamaa anapiga gitaa, watalii wana aiskrimu. Nikawa naangalia ule mlango nikiwaza akina Dave wanapandisha ngazi hawajui watajibiwa nini. Colorado ilikuja kupata gavana, Jared Polis, aliyezaliwa Boulder na aliyeoana na mwanaume mwenzake mwaka 2021 akiwa madarakani. Clela aliishi kuyaona hayo. Kwenye hafla za kumpongeza alikuwa anasumbuka, anasema hastahili sana, kwamba angejua zaidi wakati ule angefanya zaidi.

Mimi hilo ndo nalopinga kidogo, yeye mwenyewe na wanaomsifia kama shujaa aliyeona mbele. Hakuona mbele. Hakujua. Na ndo uzuri wake, kwa sababu kama tunasubiri maofisa wanaojua kila kitu kuhusu kila aina ya binadamu ndo watutendee haki, tutasubiri sana. Alikuwa mtu asiyejua, akauliza, akasoma, na pale sheria ilipokuwa kimya hakuujaza ule ukimya kwa chuki au uoga wake.

Sasa nimalizie na leseni moja kati ya sita, maana hii sisi wahamiaji tunaielewa mpaka kwenye mifupa.

Richard Adams alikuwa raia wa Marekani mzaliwa wa Ufilipino, Anthony Sullivan Mwaustralia, walikutana Los Angeles 1971. Viza ya Sullivan ilikuwa inaisha. Waliposikia habari za Boulder wakasafiri, na tarehe 21 Aprili 1975 Clela akawapa leseni, wakafunga ndoa, Adams akarudi na kumuombea mwenzake grinikadi, kibali cha kuishi Marekani daima, kama mume wake. Wote tuliopitia hiyo safari tunajua inavyokuwa, unakusanya picha, bili za umeme zenye majina mawili, unapangiwa intavyuu, usiku wa kuamkia hulali. Wao walijibiwa kwa barua Novemba ile, barua rasmi ya idara ya uhamiaji, inasema wameshindwa kuthibitisha kwamba ndoa ya kweli inaweza kuwepo kati ya, na hapo likafuata tusi. Limepigwa taipu kwenye karatasi yenye nembo ya serikali. Wakaenda mahakamani, wakashindwa 1982. Sullivan akaomba asirudishwe kwao kwa sababu ya mateso atakayopata, wakashindwa tena 1985, na jaji aliyeandika hukumu ile ya kumkatalia ni Anthony Kennedy, huyuhuyu ambaye miaka 30 baadaye akiwa mahakama kuu ya nchi ndiye aliyeandika hukumu ya 2015 ya kuruhusu ndoa hizi Marekani yote. Wakaondoka kwenda Ulaya karibu mwaka mzima, wakaona hawawezi, wakarudi kimyakimya kupitia Mexico na kuishi Los Angeles bila kelele, kila gari la polisi likipita moyo unaruka.

Adams alifariki kwa saratani Desemba 2012. Miezi sita baadaye mahakama kuu ikaanza kuzitambua ndoa hizi kwenye mambo ya serikali kuu. Sullivan, mjane sasa, akarudi na ombi lilelile la 1975, akaomba lifunguliwe. Mwaka 2014 mkuu wa idara ya uhamiaji akamwandikia barua ya kumuomba radhi kwa lile tusi. Na walipokaa kulichambua ombi, swali likawa moja, je hii ndoa ilikuwepo? Wakaangalia rekodi za kaunti ya Boulder. Ilikuwepo. Imesajiliwa, haijawahi kufutwa, jina la karani liko pale.

Grinikadi ya Sullivan ilitoka Aprili 2016, kama mjane wa Richard Adams, miaka 41 tangu waliposimama mbele ya ile kaunta. Clela alikuwa hai bado, ana miaka 72.